Panki ya Serbia haikuwa muziki wa mafichoni

Wengi hudhani kwamba panki (punk), muziki wa roki wa kasi na wa uasi, katika nchi za kikomunisti ilipigwa marufuku, ikasambaa kwa kanda za magendo tu. Kwa Yugoslavia, ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, dhana hiyo si sahihi, na bendi ya Pekinška Patka ni ushahidi tosha.

Bendi hiyo ilianzishwa Novi Sad, mji wa Serbia, mwaka 1978, mwimbaji akiwa Nebojša Čonkić. Albamu yake ya kwanza, Plitka poezija, ilitoka 1980 kupitia Jugoton ya Zagreb, kampuni ya umma iliyokuwa pia ikichapisha kwa leseni santuri za wasanii wa Magharibi. Yugoslavia ilikwishaachana na Moscow tangu 1948, ndiyo maana muziki huo uliingia bila kificho. Mbano ulikuwepo, ila wa namna nyingine: santuri iliyohukumiwa kuwa takataka ilitozwa kodi ya ziada, bei ikapanda.

Wala bendi haikuzimwa na serikali. Mwaka 1981 ilitoa Strah od monotonije, albamu nzito na yenye giza, tofauti kabisa na kasi ya ile ya kwanza (na kwa kweli inastahili kusikilizwa zaidi), kisha ikavunjika mwaka huohuo. Mpiga gitaa Zoran Bulatović akaendelea na bendi nyingine, Luna.