Kichwa hakiumi, basi huna presha?

Nikikaa na wazee wa mtaani kwetu Temeke, nasikia kauli ileile: "Mimi presha sina, ningekuwa nayo kichwa kingeniuma." Inaniumiza kila nikiisikia, kwa sababu inaua watu.

Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka. Mishipa inakakamaa, moyo unazidiwa kazi, figo zinachakaa, na mwenyewe anagombania daladala ya Kariakoo kama kawaida. Siku akianguka kwa kiharusi, majirani wanasema imempata ghafla, wengine wanasema karogwa. Haikuwa ghafla hata kidogo.

Njia ya kujua ni moja tu: kupima. Vipimo vya siku tofauti vikisoma 140/90 au zaidi, hiyo ni presha, hata kama unajisikia mzima kabisa. Zahanati yoyote itakupima kwa dakika chache.

Halafu kuna wanaoacha dawa kwa kuwa kipimo kimeshuka. Jamani, kimeshushwa na hizo dawa! Usiziache kabla hujaongea na daktari.

Na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Humo hesabu ya mkate, supu ya asubuhi na ile unayonyunyizia chipsi au embe bichi.