Eti rushwa iliyokomaa haing'oki bila mapinduzi?

Vijiweni ndivyo tunavyoambiana, lakini Hong Kong inatukatalia. Miaka ya 1960 wazima moto wa huko walidai chao kwanza ndipo wafungulie maji, nyumba ikiteketea. Mgonjwa hospitalini alitoa "pesa ya chai" (naam, nao waliita chai) apate maji ya kunywa. Mwaka 1973 ofisa wa polisi Peter Godber, akiwa anachunguzwa, alitorokea Uingereza. Watu wakaandamana. 1974 ikaundwa tume ya kupambana na rushwa, ICAC, iliyowajibika kwa gavana wa koloni hilo la Waingereza, si kwa polisi. Godber akarudishwa, akafungwa miaka minne. Haikuwa lelemama: 1977 polisi walivamia ofisi za tume, gavana akalazimika kusamehe makosa mengi ya nyuma. Tume ikabaki, na serikali haikupinduliwa.