Majumba ya Michenzani: yasemwayo na yaliyopo

Mgeni akifika Unguja huzungushwa Mji Mkongwe, akaoneshwa milango ya nakshi, kisha akarudishwa hotelini. Akiuliza habari za yale majumba marefu ya Michenzani, upande wa pili wa mji, hujibiwa: "Hayo waliyajenga Wajerumani."

Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Ujerumani Mashariki ilijenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani, zawadi kwa serikali iliyozaliwa na Mapinduzi ya 1964. Michenzani ni hadithi nyingine. Ramani ya mji ya mwaka 1968 ilichorwa na mtaalamu wao, Hubert Scholz, lakini majumba yenyewe yamesimamishwa na Wazanzibari, kwa fedha ya serikali, ambayo wakati huo ilikuwa fedha ya karafuu. Watu walitoka kwa makundi kwenda kujenga taifa. Wengine kwa hiari, wengine kwa hiari ya kuambiwa.

Wapo wanaodhani palikuwa uwanja mtupu. Jina tu linakanusha: michenzani ni penye michenza. Tena palikuwa na mitaa iliyosongamana ya nyumba za udongo, yenye watu wake, misikiti yake na vibaraza vyake. Nyumba zilivunjwa ili barabara mbili pana zipite na kukutana kwenye mzunguko, na majumba yakapangwa kandokando, mengine yakikaribia mita 300 kwa urefu. Aliyezoea kumsalimia jirani barazani alijikuta ghorofa ya nne. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko saruji, nami nashangaa halitajwi sana.

Na eti historia yote iko Mji Mkongwe? UNESCO iliuandikisha mji huo mwaka 2000, Ng'ambo, upande huu wa Michenzani, ikabaki nje ya mpaka. Lakini anzia sokoni Darajani, ukiuliza daraja liko wapi. Lilivuka mkono wa bahari uliotenganisha pande mbili za mji, na ndiyo maana huku kukaitwa Ng'ambo. Maji yalifukiwa, pakapita barabara. Ivuke, nenda moja kwa moja kuelekea mzunguko. Ni mwendo mfupi, ila jua la saa sita halina huruma.

Kosa jingine dogo: kwamba Mzee Karume, rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, aliyamaliza yote. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui, hatua chache tu kutoka hapo, na kaburi lake liko huko huko. Kazi iliendelea chini ya Aboud Jumbe, aliyemrithi.

Kabla ya kupiga picha, piga hodi. Kamba za nguo na veranda hizo ni uani kwa mtu. Majumba hayana lifti, na maji mara nyingi hayafiki juu; ukimkuta mama anapandisha ndoo ngazini, mpokee.