Msisubiri avunje ungo ndipo mzungumze naye

Likizo ya Juni inakaribia, na huku kwetu Mtwara na Lindi kila mtu anajua maana yake: ngoma, jando, unyago, na watoto wengi kuchezwa kabla shule hazijafunguliwa. Kipindi hiki ofisi yetu hupokea malalamiko ya pande mbili. Wazazi wanasema shuleni watoto wanafundishwa mambo ya kikubwa kwenye stadi za maisha. Walimu nao wanasema watoto wanarudi kutoka unyagoni wakiwa wameambiwa mambo ya chumbani, lakini hawajui hata kuhesabu siku zao. Ninaandika nikiwa muuguzi mkunga na mratibu wa huduma za afya ya uzazi kwa vijana katika halmashauri moja ya kusini. Haya ni maelezo ya jumla. Mtoto mwenye tatizo apelekwe zahanati aonwe mwenyewe.

Nianze na umri, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Wazazi wengi wanahesabu balehe kuanzia siku binti anapovunja ungo. Siku hiyo mwili umekwisha kufanya kazi miaka miwili au mitatu. Kazi yenyewe huanzia kichwani, ubongo unapoiamsha tezi ya pituitari, nayo ikapeleka homoni kwenye ovari za msichana au korodani za mvulana. Kwa msichana dalili ya kwanza ni titi kuchipua, na hilo hutokea kati ya miaka 8 na 13. Kwa mvulana ni korodani kukua, kati ya miaka 9 na 14, na kwa kuwa ziko ndani ya nguo hakuna anayeona. Sauti nzito na ndevu, ambavyo ndivyo akina baba wanavyovisubiri, huja nyuma sana. Anayengoja hedhi au ndevu ndipo afungue mdomo anamkuta mtoto ameshaelezwa yote na wenzake, tena kwa uongo mwingi. Mazungumzo yaanze mtoto akiwa darasa la tatu. Titi likichipua kabla ya miaka 8, au korodani zikikua kabla ya miaka 9, mleteni. Msichana aliyefika miaka 13 bila titi, au miaka 15 bila hedhi, naye mleteni, na mvulana wa miaka 14 asiye na dalili yoyote pia.

Nitoe mfano. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 9 akiwa na kivimbe kigumu chini ya chuchu ya kushoto, kiasi cha punje ya kunde. Kulia hakukuwa na kitu. Bibi alikuwa amekikanda kwa maji ya moto siku kadhaa akidhani ni jipu, na ngozi ilikwisha kubabuka. Mtoto mwenyewe hakusema neno mpaka mama alipotoka nje. Hapo akaniuliza kama saratani inauma sana mtu akifa. Neno saratani alilisikia redioni. Alikuwa na titi linaloanza, basi. Upande mmoja kutangulia mwingine kwa miezi kadhaa ni kawaida kabisa, na kuuma kidogo likiguswa ni kawaida. Halikandwi, halichomwi, halifungwi kitambaa.

Jambo jingine ambalo linawaumiza watoto wetu bure ni ute mweupe. Miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza, chupi ya msichana huanza kuonekana na ute mweupe au usio na rangi, usionuka wala kuwasha. Mama akiuona anaanza kumhoji mtoto amelala na nani, na wengine wanafika kwetu wakitaka binti "apimwe kama ni mzima". Ute huo ni homoni. Hauna uhusiano wowote na mwanaume, na mtoto aliyeshutumiwa kwa jambo hilo hatakwambia tena chochote, hata siku atakapokuwa na jambo kubwa la kukwambia. Ukiwa na harufu mbaya, rangi ya kijani au muwasho, hapo unatibiwa.

Hedhi nayo. Miaka miwili mitatu ya mwanzo siku hupishana: mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 mwezi huu na 45 mwezi unaofuata. Si chango, si mimba, na si kurogwa. Damu ikizidi siku 7, au pedi ikijaa kila baada ya saa moja au mbili, huyo aje, kwa sababu upungufu wa damu kwa wasichana ni mwingi. Maumivu ya tumbo yanapozwa kwa chupa ya maji ya uvuguvugu au paracetamoli kwa kipimo cha umri wake. Na wanaomkataza kutia chumvi kwenye mboga akiwa mwezini wajue hakumdhuru mtu.

Sikemei matumizi ya vitambaa. Pedi za dukani ni ghali kwa kaya nyingi, na msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike uliotolewa mwaka 2018 uliondolewa mwaka 2019. Kitambaa cha pamba ni salama kikibadilishwa kila baada ya saa chache, kikafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Neno la kushika hapo ni juani. Tukitembelea nyumba tunakuta vipande vya kanga vimeanikwa chini ya kitanda, au vimekunjwa vibichi chini ya godoro ili baba na kaka wasivione, na msichana anavivaa vikiwa na unyevu. Hapo ndipo miwasho na maambukizi yanapopatikana. Mpeni kamba yake uani, na kama ni aibu atandike kitenge chepesi juu yake.

Sasa swali ninaloulizwa kila mkutano: binti ambaye hajavunja ungo anaweza kupata mimba? Ndiyo. Yai hutoka kwanza, damu hufuata wiki mbili baadaye kama yai halikurutubishwa. Kwa hiyo yai la kwanza kabisa linaweza kurutubishwa kabla mtoto hajaona tone la damu maishani mwake. Na zile hesabu za "siku salama" hazifai kwa msichana ambaye mzunguko wake bado haujatulia.

Wavulana tumewasahau. Ndoto nyevu si ugonjwa wala dalili ya uhuni. Karibu nusu ya wavulana huvimba kidogo chini ya chuchu wakati wa balehe, na wanavaa sweta kwenye joto la Masasi ili wenzao wasione. Kwa wengi hupotea ndani ya miaka miwili. Lakini lipo moja ambalo kila baba alijue leo. Korodani inaweza kujinyonga, yaani kujizungusha na kukata mishipa yake ya damu. Maumivu huja ghafla, mara nyingi usiku, pamoja na kichefuchefu, na upande mmoja huvimba na kupanda juu. Huwapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 18. Upasuaji ukifanyika ndani ya saa 6, korodani kwa kawaida inaokolewa. Tulimpokea kijana wa kidato cha kwanza aliyekaa na maumivu hayo usiku mzima na mchana uliofuata. Alimwambia mama yake ni tumbo, kwa kuwa hakuwahi kusikia mtu nyumbani akilitaja neno korodani. Ilitolewa ikiwa imekufa. Wanaosema kutaja viungo mbele ya watoto ni kuwaharibu, nawaomba wapime hasara hiyo.

Wapo wanaosema dini hairuhusu. Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa, ila niseme ninachokiona: madrasa zetu zinafundisha tohara, hedhi na janaba, na watoto wanayasoma kwa adabu wala hawaharibiki. Ustaadhi anayeeleza nini kinamlazimu mtu kuoga ameshafanya nusu ya kazi yangu. Tofauti ninayoomba izingatiwe ni hii. Aliyebaleghe analazimika kusali na kufunga. Mbele ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Mwili wake umeanza kukomaa, ila sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Ndiyo maana kijana mwenye akili nzuri darasani anapanda bodaboda ya mtu asiyemjua kwa ahadi ya chipsi.

Kuhusu elimu yenyewe kuchochea ngono, hoja hii imechunguzwa katika nchi nyingi. Mwongozo wa UNESCO uliohuishwa mwaka 2018 umekusanya tafiti hizo, na jibu ni kwamba vijana waliofundishwa hawaanzi ngono mapema kuliko wenzao. Wengine huchelewa zaidi. Wakati huohuo utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Idadi hiyo ilikuwa asilimia 27 mwaka 2015/16, kwa hiyo imeshuka, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano, na haikuletwa na somo la stadi za maisha.

Kwa makungwi, masomo na manyakanga, yaani walimu wa jando na unyago, ninasema kwa heshima, maana wengi ni wenzangu katika kazi hii na wengine walinifunda. Unyago ulikuwa wa mwali aliyekwisha kuvunja ungo na aliyekaribia kuolewa. Sasa wanaingizwa watoto wa miaka 8 na 9 kwa sababu likizo imefika na mchele umepatikana, na wanapewa mafundisho yaleyale ya bibi harusi. Tunachoomba ni mgawanyo: mdogo afundwe usafi, heshima, mabadiliko ya mwili, na kukataa kuguswa hata na ndugu. Ya ndoa yasubiri ndoa. Halmashauri iko tayari kutuma muuguzi kambini mkituarifu kupitia mtendaji wa kijiji angalau wiki mbili kabla. Na ukeketaji kwa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, kifungo chake ni miaka 5 hadi 15.

Niingie kwenye sheria, maana hapa ndipo tunapopoteza kesi nyingi.

Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichowekwa mwaka 2016, kinasema anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anafungwa miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo, na hapa naongea na wajomba na washenga, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Mkuu wa shule anawajibika kutunza kumbukumbu za mimba na ndoa za wanafunzi na kupeleka taarifa kila robo mwaka, ikieleza hatua zilizochukuliwa dhidi ya wahusika. Kuhusu ndoa kwa jumla, Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilikwisha kusema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa vinakwenda kinyume na Katiba. Na msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi shule kwa waraka wa elimu wa mwaka 2021. Mwalimu asimwambie vinginevyo.

Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, utaratibu ni huu. Asioge, asibadilishwe nguo. Akibadilishwa, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na ushahidi unaoza. Apelekwe hospitali mara moja. Matibabu yasisubiri PF3; fomu hiyo hutolewa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na inaweza kujazwa wakati huduma inaendelea. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na humezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ina saa 120, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Baadaye mtoto atahitajika mahakamani. Ni uongo kwamba ushahidi wa mtoto mdogo haukubaliki; aliye chini ya miaka 14 anaahidi kusema kweli, na mahakama inamsikiliza.

Na huku kuyamaliza kifamilia, kwa mbuzi au laki tatu, hakuifuti jinai. Kesi ni ya Jamhuri. Baba aliyepokea fedha hizo anamuuza mtoto wake mara ya pili, na mwenyekiti wa kitongoji aliyekaa kwenye kikao hicho ajue kwamba Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa.

Machache ya mwisho. Chanjo ya HPV hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Haizuii mtu kuzaa. Hili limeelezwa tangu chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na bado kuna wazazi wanaowaficha watoto siku ya chanjo. Kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Kijana yeyote anayekuja kuuliza juu ya mwili wake anasikilizwa faragha, na haombwi barua ya mzazi ili asikilizwe. Asiyeweza kufika anaweza kupiga 116, namba ya simu ya mtoto. Haikatwi salio, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.