Ponti ya nyuma peke yake? Hapana, papa

Wiki hii mteja huyu ni wa tatu. Anaingia garaji na Hilux ya 4x4, ametoka kununua ponti (ekseli pamoja na gia zake) ya nyuma iliyotumika, 41/9 (meno 41 ya krauni kwa 9 ya pinioni, gia mbili za ndani ya ponti), na anataka imefungwa leo kwa sababu kesho anapakia saruji ya Walungu. "Fundi, weka ya nyuma tu. Ya mbele inalalaka tu."

Niondoe hili upesi: kubadilisha krauni na pinioni hakuongezi motere hata nguvu ya farasi mmoja. 41 ukigawa kwa 9 ni 4.556, yeye alikuwa na 4.10: ndiyo mara ambazo shafti inazunguka gurudumu likizunguka mara moja. Kila gia inapata karibu 11% zaidi ya msukumo kwenye gurudumu, na unailipa kwa mizunguko ya motere. Kwa tairi yenye mzingo wa mita 2.4, kwenye kilometa 80 kwa saa na gia ya moja kwa moja (motere na shafti zinazunguka sawa), mizunguko 2,280 kwa dakika inakuwa 2,530. Kwa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, motere isiyo na turbo ikihema kwenye milima yetu, hiyo ni biashara nzuri. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni hiyo "inalalaka". Inalala, ndiyo, mpaka siku ya tope utakapovuta levya ya 4x4. Hapo transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa ponti mbili) inafunga shafti ya mbele na ya nyuma kama watu wawili waliofungwa kamba miguuni: zinazunguka sawa, hakuna wa kumsubiri mwenzake. Shafti zikizunguka sawa, na mbele una 4.10, nyuma 4.556, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mita 100 wakati ya nyuma yanataka 90. Gari ni moja. Hizo mita kumi zitatoka wapi? Kwenye tope tairi zinateleza, zinazimeza, na dereva anakuja kuniambia "unaona, fundi, inatembea!" Akifika kwenye mawe makavu tairi zinagoma kuteleza, na mkazo unaingia ndani: kwenye msalaba wa shafti (kiungo chake), kwenye meno ya transfa, kwenye pinioni. Levya inakwama, haitoki hata ukirudi nyuma. Kumbuka kwamba hata gari yenye uwiano sawa hatuikati kona kwenye lami kavu ikiwa 4x4, maana kona yenyewe inatosha kukaza. Hapa mkazo hausubiri kona.

Kuna mjanja atasema Marekani kuna pickup zilizotoka kiwandani na 3.54 mbele na 3.55 nyuma. Kweli. Hiyo ni tofauti ya chini ya 0.3%, tairi iliyolika kidogo inaizidi. Ila kati ya hiyo na 5% ya mtu aliyechanganya 3.909 na 4.10, mpaka hasa uko wapi? Siwezi kukuchorea mstari. Mimi huo mchanganyiko ninaukataa, basi.

Kufunga kwenyewe: krauni na pinioni ni mume na mke, zilisagwa pamoja, usiniletee mke wa mwingine. Spesa laini ya pinioni (bomba dogo linalobonyea ukikaza) ni mpya kila mara. Nafasi kati ya meno kwenye ponti hizi ni milimita 0.13 hadi 0.18. Halafu unapaka meno rangi na kusoma alama pale yanapogusana. Kwenye kitabu alama ni safi kama picha ya harusi. Kwenye meno yaliyotumika sijawahi kuiona. Nimefunga ponti yenye alama mbaya ikanyamaza, na yenye alama nzuri ikalia kama mbu toka kilometa 60. Bado sijui kwa nini.

Na kabla ya kununua, hesabuni meno! Badala yake wengi wanainua gurudumu moja, wanalizungusha mara moja, shafti inazunguka mara mbili na kidogo, wanasema "ponti ya mbio hii". Gurudumu lingine likiwa chini, krauni inazunguka nusu tu ya gurudumu uliloinua, kwa hiyo zungusha mara mbili.

Papa wa saruji hakuwa na pesa ya ponti ya mbele. Tumekubaliana: nimefunga ya nyuma, nimetoa shafti ya mbele, iko ndani ya gunia nyuma ya kiti chake. Levya avute anavyotaka.