Nguo za CC41 hazikuwa mbovu, tuelewane

Wiki hii tena, mteja wa tatu. Kaja na picha ya gauni la Uingereza la miaka ya 40, anataka nimshonee la mfano huo, halafu ananiambia fundi usihangaike sana na umaliziaji, si wakati wa Vita Kuu ya Pili walivaa nguo mbovumbovu tu. Jamani hapana!

Nguo Uingereza zilianza kutolewa kwa mgao wa kuponi tarehe 1 Juni 1941, mtu mzima anapata kuponi 66 kwa mwaka na gauni la sufi peke yake linakula 11. Sasa gauni hilo likichanika baada ya miezi mitatu utavaa nini? Ndo maana serikali ikaleta nguo za Utility, yaani nguo za matumizi ya kawaida zilizosimamiwa na serikali, zile zenye lebo ya CC41, duara mbili zilizomegwa kama jibini. Kitambaa kilikuwa na viwango vyake, bei ina kikomo, kodi ya manunuzi hamna, na 1942 waliochora mitindo ya mfano ni wabunifu wakubwa wa London akina Hardy Amies na Norman Hartnell, huyu Hartnell fundi wa Malkia kabisa.

Kinachowachanganya watu ni masharti ya serikali ya ukataji wa nguo, na hayo yalibana hata nguo zisizo na CC41. Gauni lisizidi mifuko 2, vifungo 5, mishono 6 kwenye sketi, marinda ya kuhesabu. Yaani uchache wa urembo mnauita ubovu, wakati fundi yeyote anajua marinda na lesi ndo vinaficha makosa, ukinyang'anywa hivyo bega lisipokaa sawa linaonekana toka mlangoni. Niliwahi kufumua pindo la gauni moja la hivyo, rayoni ya bluu ya vidoti, mishono ya pembeni bado imeshika, vifungo vyote vitano vipo, kwapani tu ndo palichoka na mwenyewe alishatia kiraka kwa mkono, nyuzi ndogo mpaka ikabidi nisogeze taa.

Mengine haraka. Kuponi haikuwa hela, ulitoa kuponi na hela ulilipa vilevile, ndo maana maskini wengine waliishia kuuza zao kwa magendo. Sketi pana ya kiuno chembamba mnayoniletea kama "ya vita" ni ya mbunifu Dior, Paris, Februari 1947, vita vimeshaisha, japo Uingereza kuponi ziliendelea mpaka Machi 1949. Kupaka miguu rangi na kuchora mstari nyuma kwa penseli ya nyusi ili ionekane soksi, hiyo kweli walifanya.

Na ukikutana na gauni la CC41 mnadani, ligeuze nje ndani, kagua mishono kwanza ndo uulize bei. Kama ni rayoni usithubutu kulitia kwenye mashine, rayoni ikilowa inakuwa dhaifu sana, loweka kwenye beseni, usikamue, lianike likiwa limelala juu ya taulo.