Safari ndefu ya treni Ulaya: dhana potofu kuhusu tarehe, siku na saa

Anayepanga mwezi mzima wa kuzunguka Ulaya kwa treni huanza na ramani, kumbe kazi kubwa iko kwenye kalenda. Safari ya namna hii inafungwa na mambo machache tu: siku za viza, tarehe ya kubadilika kwa ratiba, na zile treni ambazo huruhusiwi kupanda bila kushika kiti. Hayo yakikaa sawa, mengine unaweza kuyaamua ukiwa huko huko. Wengi hufanya kinyume: wanakaza palipofaa kulegezwa, wanaacha wazi palipotakiwa kufungwa mapema.

Dhana: Ukipata viza ya Schengen una siku 90.

Kwa viza hii moja ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, siku 90 ndani ya kila siku 180 ni kikomo cha juu cha sheria. Ubalozi unakupa siku kulingana na safari uliyoieleza, na zinaweza kuwa 20 au 35. Kwenye stika kuna mistari miwili inayochanganywa sana: tarehe ya kuanza na ya mwisho ya kutumia viza, na idadi ya siku za kukaa. Stika inaweza kusoma 1 Juni hadi 15 Julai, huku siku za kukaa zikiwa 30. Aliyeingia tarehe 1 Juni anatakiwa awe ametoka ifikapo 30 Juni. Zile siku za Julai zipo tu endapo atachelewa kuanza safari.

Siku ya kuingia inahesabiwa nzima hata kama umetua saa tano usiku, na ya kutoka vilevile. Tangu 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia mfumo wa EES, unaorekodi alama za vidole na picha ya uso mpakani badala ya mhuri, kwa hiyo siku moja iliyozidi haipotei tena katikati ya kurasa za pasipoti.

Kuna jambo la pili ambalo watu huligundua wakiwa wameshachelewa. Maombi yanapelekwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ni ile utakayoingilia kwanza. Maana yake mpangilio wa treni unaamua ubalozi. Ukipanga siku 9 Italia na 8 Ufaransa, kisha ukahamisha siku mbili kutoka Italia kwenda Ufaransa, hesabu imekuwa 7 kwa 10 na ubalozi umebadilika. Maliza kugawa siku kwanza, ndipo utafute miadi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla; uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Kwa safari ya Julai, kusubiri hadi Mei ni kucheza kamari, maana ndio msimu ambao kila mtu anagombea miadi. Na usinunue tiketi zisizorudishwa pesa kabla stika haijabandikwa.

Dhana: Kutoka Paris hadi London ni saa mbili na ushei, kwa hiyo unaweza kuchomoka siku mbili ukarudi.

Treni ni kweli inakwenda hivyo. Ila Uingereza iko nje ya Schengen: mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Uingereza kando, na viza yake ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishapita ukaguzi pale Gare du Nord, stesheni ya Paris, Schengen yake imekwisha, hata kama siku 20 zimebaki. Dawa ni kuiweka London mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa. Tena ukaguzi wa pasipoti wa nchi zote mbili unafanyika kabla ya kupanda, kwa hiyo Eurostar, ndiyo treni hiyo ya Paris hadi London, haikimbiliwi dakika ya mwisho kama treni nyingine. Weka saa nzima au zaidi.

Dhana: Kwa safari ya mwezi mmoja, pasi ya mwezi mmoja.

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Pasi ya Eurail, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi katika nchi 33, ipo ya aina mbili. Moja ni ya mfululizo: siku 15, siku 22, mwezi 1, miezi 2 au 3, unapanda kila siku ukitaka. Nyingine ni ya siku za kuchagua: siku 4, 5 au 7 ndani ya mwezi, au siku 10 au 15 ndani ya miezi miwili.

Hesabu siku unazohama mji, usihesabu siku za safari. Mtu wa siku 30 anayelala kila mji usiku tatu anahama mara tisa au kumi. Huyo anatosheka na siku 10 ndani ya miezi miwili, tena inamwachia uhuru wa kuzunguka kwa miguu ndani ya miji miwili ya kwanza bila saa ya pasi kukimbia. Ya mfululizo inamfaa anayepanda treni karibu kila siku, na maoni yetu ni kwamba anayepanda treni karibu kila siku kwa mwezi mzima atachoka wiki ya pili.

Siku moja ya pasi huanza usiku wa manane na kuisha 23:59, na ndani yake unapanda treni nyingi upendavyo. Kwa hiyo safari fupi za jirani, kama Firenze kwenda Pisa, nunua tiketi ya kawaida ya treni ya mkoa; bei yake haibadiliki hata ukinunua dakika kumi kabla, na siku ya pasi unaitunza kwa safari ya saa sita.

Kuhusu nani anunue nini: Eurail ni ya wakaazi wa nje ya Ulaya, Interrail ni ya wakaazi wa Ulaya. Kinachoangaliwa ni unaishi wapi, si pasipoti. Mkenya anayeishi Ujerumani kwa kibali hununua Interrail, na ndani ya nchi anayoishi anaruhusiwa kuitumia siku mbili tu, ya kutoka na ya kurudi.

Dhana: Ukiwa na pasi, kiti ni chako.

Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi unaingia treni nyingi za ndani ya nchi na kukaa popote palipo wazi. Vuka kwenda Ufaransa, Hispania au Italia mambo yanageuka: treni zao za kasi, yaani TGV ya Ufaransa, AVE ya Hispania na Frecciarossa ya Italia, hazipandwi bila kushika kiti, nawe unalipa juu ya pasi. Ufaransa ni kuanzia euro 10, Frecciarossa 13, na Eurostar hupita 30. Nafasi za wenye pasi ndani ya TGV na Eurostar zina kikomo, kwa hiyo treni inaweza kuwa na viti vya kuuzwa kwa bei kamili huku vya pasi vimekwisha. Hizi ndizo tarehe za kufunga kwanza kwenye kalenda yako. Treni za Italo za Italia na Ouigo za Ufaransa hazipokei pasi kabisa.

Kwa hiyo safari ndefu inakaa vizuri ikianza na nchi za kushika viti, ambazo umezipangia tarehe ukiwa nyumbani, na kumalizia na Uswisi, Austria na Ujerumani, ambako unaweza kuamka na kubadili mawazo.

Dhana: Tiketi zikiwa hazionekani kwenye mfumo, treni haipo.

Ratiba ya reli karibu Ulaya yote hubadilika usiku wa Jumamosi ya pili ya Desemba kuamkia Jumapili. Mwaka 2026 ni tarehe 13 Desemba. Tiketi za baada ya tarehe hiyo hufunguliwa kwa kuchelewa, maana ratiba mpya haijakamilika. Anayetafuta mwezi Septemba treni ya Krismasi anaweza asione kitu na akakimbilia ndege bure. Nje ya kipindi hicho, kampuni nyingi huuza miezi mitatu hadi sita mbele, na zile bei za chini ndizo huondoka kwanza.

Mabadiliko hayo si ya dakika tatu nne tu. Tarehe 14 Desemba 2025 Austria ilifungua reli ya Koralm, na Graz hadi Klagenfurt ikashuka kutoka takriban saa tatu kwa treni hadi robo tatu ya saa. Kinyume chake pia hutokea: Frankfurt hadi Mannheim ilifungwa kwa ukarabati kuanzia 15 Julai hadi 14 Desemba 2024, na Hamburg hadi Berlin ikafungwa kuanzia 1 Agosti 2025, treni zikazungushwa njia ndefu. Makala ya miaka mitatu iliyopita inayokuambia "ni saa moja na dakika 50" haikusaidii. Angalia ratiba ya tarehe yako yenyewe.

Dhana: Wakati mzuri ni Julai na Agosti.

Ni wakati wa joto, ndiyo. Pia ni wakati wa shule kufungwa, viti vya pasi kuisha, na kazi za ukarabati wa reli kupangwa kwa wingi. Italia katikati ya Agosti, hasa tarehe 15, watu wako pwani na maduka mengi ya mitaani yamefungwa. Mei hadi katikati ya Juni, au Septemba, ndiyo chaguo letu; isipokuwa München, ambako Oktoberfest huanza Septemba na bei ya vitanda hupaa.

Msimu wa baridi nao una hesabu yake ya mwanga. Oslo mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa na robo alasiri. Treni ya kwenda Bergen inachukua karibu saa saba. Ukipanda ya mchana, umelipia kuangalia giza. Na Glacier Express, treni ya kitalii ya Uswisi, husimama kabisa kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba.

Dhana: Mfumo ukikubali dakika nane za kubadili treni, zinatosha.

Mfumo unahesabu treni inayofika kwa wakati. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati, yaani bila kuchelewa dakika sita au zaidi, zilikuwa asilimia 62.5. Ndani ya Ujerumani weka dakika 30 hadi 45 kati ya treni, na usiwahi kuchukua treni ya mwisho ya siku kama ndiyo ya kukufikisha kwenye ndege. Uswisi, ambako zaidi ya asilimia 90 hufika vizuri, dakika nane zinatosha kweli.

Paris inataka onyo lake. Haina stesheni kuu moja. Kutoka Gare du Nord hadi Gare de Lyon ni vituo viwili vya RER D, treni ya mjini, lakini ukiongeza ngazi, foleni ya tiketi na begi, tenga saa nzima. Milango ya TGV hufungwa dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa.

Tiketi mbili ulizonunua kando hazijuani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inakufia mkononi. Tiketi moja ya safari nzima inakulinda: unapandishwa treni inayofuata, na ukifika umechelewa dakika 60 au zaidi unadai robo ya nauli, nusu ikifika dakika 120.

Dhana: Treni ya usiku inaokoa siku nzima.

Inaokoa pengine hoteli moja. Ukishuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na chumba kinafunguliwa saa tisa alasiri, una saa nyingi za kuzurura na begi, kwa hiyo hakikisha stesheni ina makabati ya mizigo. Kwa pasi, ukipanda kabla ya usiku wa manane na usibadili treni baada yake, inakatwa siku moja tu, ya kuondoka. Kitanda unalipia kando. Na si zote za kila siku: European Sleeper ya Brussels hadi Praha hutembea mara tatu kwa wiki, hivyo tarehe zako ndizo zinazoifuata.

Dhana: Saa ni saa.

Tiketi zote zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Msemaji wa Kiswahili atoe sita, kuanzia 19:00 atoe kumi na nane, na kabla ya 07:00 aongeze sita: 09:20 ni saa tatu na dakika 20 asubuhi, 19:42 ni saa moja na dakika 42 jioni. Hatari kubwa iko kwenye 00:40. Tiketi ya tarehe 14 Julai, 00:40, ni usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe stesheni jioni ya tarehe 13. Anayekwenda usiku wa tarehe 14 amechelewa saa 24, na kwa pasi treni hiyo inakula siku ya tarehe 14.

Saa za Ulaya husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ulaya ya kati huwa nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wa baridi. Usiku wa Oktoba, treni za usiku husimama stesheni saa nzima kungoja ratiba. Ule wa Machi hufika zimechelewa saa moja.

Dhana: Reli inafika kila mahali.

Lisbon na Madrid hazina treni ya moja kwa moja tangu ile ya usiku iliposimama Machi 2020. Kwa reli unabadili treni njiani na siku nzima inakwisha. Basi au ndege hapo ni akili.

Mwisho, migomo. Italia hutangazwa mapema, mara nyingi huanza saa tatu usiku na kudumu saa 24, na siku za kazi treni za mkoa zilizohakikishwa hutembea 06:00 hadi 09:00 na 18:00 hadi 21:00. Angalia matangazo ya wiki yako kabla hujalipa hoteli ya mji unaofuata, na ukiona mgomo, ongeza usiku mmoja ulipo.